Fungu la Ndege

Mtu mmoja alikuwa na ndege asiyemfuga. Mtu huyo aliitwa Kalanje, na aliishi ukingoni mwa msitu aliorithi pamoja na ndugu zake wawili. Asubuhi alipiga mluzi, ndege akaja, akamtangulia tawi kwa tawi huku akilia, mpaka kwenye mti wenye nyuki. Kalanje alifukiza moshi, akarina asali, kisha akaweka kipande cha sega juu ya jani. Hilo lilikuwa fungu la ndege. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Siku moja Kalanje akajiona mjanja. Ndege akishiba, alisema moyoni, atakwenda zake; akibaki na njaa, atanionyesha mti mwingine. Basi akalifukia lile sega mchangani. Na kweli, ndege aliyenyimwa akampeleka kwenye mti wa pili, na kesho yake vivyo hivyo. Kalanje akawa anarudi na vibuyu vimejaa pomoni, akajisifu mpaka majirani wakachoka kumsikia.

Kaka yake naye alikuwa akiangusha miti mikubwa ili achome mkaa. Mdogo wake alifyeka upande wa bondeni, akapanda ufuta, akaunyunyizia dawa ya wadudu, nayo dawa haikuwauliza nyuki wamefuata nini pale. Kalanje aliyaona yote hayo. Alinung'unika kidogo, lakini vibuyu vyake vilikuwa bado vinajaa, akanyamaza.

Ikafika siku ya binti yake, Somoe, kuolewa. Kwao binti haondoki nyumbani bila kibuyu cha asali aliyoirina baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo radhi ya baba, na asali ya kununua haihesabiwi. Somoe alikuwa kipenzi chake. Kalanje akaingia msituni, akapiga mluzi. Akapiga tena mpaka midomo ikamkauka. Msitu ulikuwa kimya, na kimya kile kilimtia hofu.

Akawaendea ndugu zake akiwaka hasira. Mkubwa akaapa kwamba yeye alikata miti tu. Mdogo akaapa kwamba yeye alilima tu. Hakuna kati yao aliyewahi kumrushia ndege hata jiwe, na katika hilo walisema kweli. Kalanje akarudi nyumbani akiwalaani, akamweleza binti yake jinsi baba yake mkubwa na baba yake mdogo walivyomharibia harusi. Somoe, ambaye miaka yote alifuatana naye msituni kumbebea vibuyu, alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Baba, na lile fungu ulilokuwa ukilifukia?"

Kalanje alichukua jembe akarudi msituni, akafukua kila mahali alipopakumbuka, akapata vipande vya nta vilivyokauka. Akavipanga juu ya jani, akapiga mluzi, akangoja. Somoe aliondoka kwao na kibuyu kitupu.

Nanyi mlionisikiliza mkitikisa vichwa kwa ajili ya wale ndugu wawili, najua hamjapata kumrushia ndege jiwe. Fungu lake je, mmelifukia wapi?