Nyayo Kwenye Ukoka

Wapendwa, palikuwa na bwana mmoja mwenye ukoka mbele ya nyumba yake, yale majani mafupi ya kupendeza ambayo hata kuku wa jirani akikatiza hufukuzwa. Msicheke, nanyi wengine mnayo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, akachukua mbolea ya kukuzia. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, si tupalilie kwanza? Ndago zimejaa pale uzioni." Akajibu, "Mbolea kwanza, ndago baadaye." Sasa mbolea haina macho. Haiulizi jani hili jema au baya, yenyewe inalisha tu. Haukupita muda, ndago zikaupita ukoka kwa urefu, hasa karibu na pengo la uzio, pale alipozoea kupita jirani yake, bibi kizee mmoja mjane, akija kusalimia.

Kung'oa ndago ni kazi ya kupiga magoti, na magoti yeye hakuyataka. Akaenda duka la pembejeo kununua dawa ya kuua magugu. Mama muuzaji akamwonya, "Hii haichagui, baba. Inaua kila jani. Na ukishapiga, angalia..." Akamkatiza: "Nipe dawa, mama. Mahubiri nitayakuta kanisani." Haya, ndiyo haya.

Akavaa mabuti, akabeba bomba mgongoni, akazipiga dawa ndago za uzioni. Kisha akaingia zake ndani kunywa chai.

Wiki iliyofuata, asubuhi, anafungua mlango. Anaangalia chini. Kwenye ukoka kuna unyayo wa mtu, umekauka, kahawia. Mbele yake mwingine. Na mwingine. Zinatoka kwenye pengo la bibi, zinakatiza uwanja, zinaishia kizingitini kwake. Akazimwagia maji, zikazidi kukolea. Akaziwekea mbolea, zikakolea zaidi. Na jambo lililomkausha mate ni hili: nyayo zote zilikuja, hakuna hata mmoja uliorudi. Hebu fikiri wewe. Mtu amefika mpaka mlangoni kwako, na hajatoka. Yuko wapi?

Watoto wakahamishiwa kwa shangazi yao. Mkewe akawa hawezi kuingia stoo peke yake. Bwana mwenyewe akila, mkono unasimama hewani, anasikiliza chumba cha pili. Mwishowe akasema, "Ni yule bibi."

Jina lilikuja upesi, siyo? Huwa linakuja upesi.

Jumamosi watu wakajaa uwanjani. Godoro la bibi lilikuwa limeshatupwa njiani, naye akavutwa mpaka kwenye ukoka. Wakamwambia, "Weka mguu wako hapo tuone!" Akauweka. Mguu wake mdogo ukabakiza nafasi ya mwingine kuingia. Mtu mmoja akapaza sauti, "Wachawi huikuza miguu yao!" Kundi zima likaitikia. Wewe ungekuwepo, ungenyamaza?

Bibi hakulia. Akamtazama yule bwana, akasema, "Baba, mimi wangu nimeuweka. Weka na wewe wako, kisha nitaondoka, wala hamtanisukuma."

Bwana akacheka. "Mimi nijiroge mwenyewe?"

Lakini mkewe alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na yale mabuti, akayaweka juu ya nyayo mbili za mwisho. Yakaenea kama sufuria na mfuniko wake. Akaligeuza buti la kulia: soli ilikuwa imemeguka kisigino. Na kwenye unyayo wa kulia, pale pale palipomeguka, ukoka ulikuwa bado wa kijani.

Dawa ilikuwa imeshika kwenye soli, na mwenye nyumba akaitembeza kwa miguu yake kutoka kwenye ndago mpaka mlangoni. Kweli, aliyeingia hakutoka. Siku zote hizo alikuwa mezani, anakula ugali.

Godoro likarudishwa na wale wale waliolitupa. Lakini bibi hakupita tena kwenye lile pengo. Na mvua ziliporudi, mnajua ni nini kilichoota kwanza ndani ya zile nyayo? Ndago.

Sasa sisi. Tunaomba baraka, na Mungu anatupa. Lakini moyoni hatukupalilia, basi baraka zile zile zinanenepesha na wivu wetu, na kiburi chetu. Kisha tunabeba maneno makali kwenda kuua magugu tunayoyaona upande wa jirani, na sumu ile tunarudi nayo nyumbani miguuni. Ndoa ikikauka, watoto wakikauka, tunauliza, nani ametuingilia?

Naona kuna waliorudisha miguu chini ya benchi. Ndugu yangu, mimi najua, na wewe unajua, kuna mtu ambaye godoro lake liko njiani hivi sasa kwa sababu ulimtaja. Basi ibada ikiisha usije kunipa mkono pale mlangoni. Nenda ukalibebe.