Kilemba cha Mpima Michezo

Hapo zamani, na huenda hata sasa, lilikuwako fumbo ambalo sikupata kulifumbua: yawaje mtu acheke mpaka ashike mbavu, kisha atoke nje aseme mchezo haukuwa na kitu?

Katika mji wa Mkunguni alitawala Sultani Badawi, naye alikuwa na wapimaji watatu wa michezo ya jukwaani. Mkubwa wao aliitwa Mwinyi Kasimu. Walikaa nyuma ya pazia, macho yamepakwa wanja, kila mmoja na leso nyeupe ya kufutia machozi, na mchezo ukiisha leso ziliwekwa juu ya mizani ya zafarani. Mchezo wa mauti na mayatima ulizilowesha, ukatunzwa joho na chakula cha mwaka. Mchezo wa kuchekesha ukizirudisha kavu, iliandikwa: "Mwepesi."

Basi Shomvi, mchekeshaji asiye na kanzu ya pili, aliandikiwa "mwepesi" mara saba, ingawa watazamaji walijaa hadi juu ya kuta. Ikawa Sultani akamwita.

"Ewe Shomvi, umewachosha wapimaji wangu. Kesho nisipoyaona machozi yao mizanini, jukwaa lako litakuwa kuni za jikoni, nawe hutachekesha mtu tena katika mji huu."

"Machozi yao tu, Bwana wangu? Hapana kingine?"

"Machozi tu."

"Nimesikia, nami nimetii."

Alipokuwa akitoka, Mwinyi Kasimu akamwinamia, ncha ya kilemba chake ina doa la wanja, akamnong'oneza, "Mwue mama wa mtu mchezoni, utapona."

"Mama yupi, Mwinyi? Mimi nina mbuzi tu."

Kesho yake akacheza habari ya mbuzi aliyefanywa kadhi. Mbuzi akala hati za mdai. Mdaiwa alipocheka, akala na zake. Kisha akacheua taratibu, na baraza zima likasimama kwa heshima kungoja hukumu. Watu wakagaagaa chini kwa kicheko. Leso za wapimaji zikatoka kavu kama makuti.

"Mwepesi," akasema Mwinyi Kasimu.

Shomvi akapiga magoti. "Bwana wangu, uliniamuru machozi, hukuniamuru leso. Naomba vilemba vyao vikamuliwe mizanini."

Wapimaji wakavishika vilemba kwa mikono miwili, lakini amri ikatoka. Ncha zikakamuliwa, yakatona maji meusi kwa wanja.

"Hilo ni jasho!"

"Jasho la utosini limepata wapi wanja, Mwinyi?"

"Na alama hizi za meno," akauliza Sultani, "ni za panya?"

Mwinyi Kasimu akainama. "Bwana, niliing'ata ncha ya kilemba ili sauti ya kicheko isitoke, na machozi nikayafuta humo humo. Aliaye huonekana msomi. Achekaye huonekana kama watu wengine. Niliogopa."

Sultani akacheka mpaka taji likamwinamia sikioni. "Hata mimi nilicheka mara zote saba," akasema, "nikawa nangoja wewe uniambie kama inafaa."

Ikaamuliwa Shomvi apewe joho na chakula cha mwaka, jukwaa lake lisiguswe, na wapimaji tangu siku ile wakae mkekani kati ya watu, nyuso wazi. Pazia alilitungua Mwinyi Kasimu kwa mikono yake mwenyewe, kichwa wazi, juu ya ngazi. Na ngazi aliishikilia Shomvi.