Chura Chini ya Gogo la Kanada

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula mmeshiba, halafu mnaniitikia kama wagonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na wewe!

Mimi sikuwapo, msinisingizie. Palikuwa na baridi. Nyamazeni basi nihadithie kabla sijaghairi, maana leo sina subira. Nimetoka kuongea na Shekue, mtoto wa kaka yangu, yule aliyehamia Kanada. Kila Jumapili ananipigia simu, na kila Jumapili neno ni lile lile. "Shangazi, huku kuna chama kidogo cha mazingira. Watu wanabishana, kina kazi gani bungeni? Kiruhusiwe kwenye mdahalo na wakubwa, au kikae pembeni? Ukikipa kura, si umeitupa?" Jumapili iliyopita hivyo hivyo. Jumapili ya kabla yake hivyo hivyo. Nikamwambia, Shekue baba, wewe funga mdomo, mimi nikupe ngano. Niliyompa yeye ndiyo nawapa nyinyi.

Hapo kale, huko huko Kanada, wanyama waliishi kando ya ziwa. Nchi yenyewe ina baridi mpaka ziwa linaganda, unatembea juu yake na viatu vyako. Kando ya ziwa palikuwa na kinamasi. Joto likija, kila mnyama alikunywa maji pale, na vyura walitaga mayai pale, kwa sababu chura hana pengine pa kutaga.

Wakubwa walikuwa wawili, Dubu na Mbwa Mwitu. Mara atawale Dubu, mara atawale Mbwa Mwitu. Wote wawili walikuwa walafi wa samaki, na wote wawili waliwaza jambo moja: tuchimbe mfereji, maji ya kinamasi yatoke yote, samaki wabaki wanarukaruka kwenye tope, tuwazoe.

Dubu akasema, "Mfereji upite kulia!"

Mbwa Mwitu akasema, "Mfereji upite kushoto!"

Kumbe kulia ndiko kwenye shimo la Dubu, na kushoto ndiko kwenye shimo la Mbwa Mwitu. Basi wanyama wakagawanyika. Kulia! Kushoto! Kulia! Kushoto! Ndugu wakanuniana, majirani wakanyimana chumvi. Miaka ikapita, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, jamani, mfereji wenyewe wa nini?

Aliyeuliza ni Chura.

Lakini huko kulikuwa na desturi. Uchaguzi ukikaribia, mkutano ulifanyika juu ya ziwa lililoganda, na katikati paliwekwa gogo la mwerezi juu ya mawe mawili. Anayetaka kusema hupanda gogo. Gogo likilia kwiii, sema. Lisipolia, shuka. Ndivyo walivyopima nani ana uzito wa kusikilizwa. Msinitazame mimi, sikuitunga mimi desturi hiyo.

Dubu akipanda, kwiiiii! "Sema, mheshimiwa," alisema Bata Bukini, msimamizi wa mkutano.

Mbwa Mwitu akipanda, kwiii! "Sema, mheshimiwa."

Chura akiruka juu, pu! Gogo kimya.

"Shuka," alisema Bata Bukini.

"Lakini nina neno!"

"Gogo halijalia. Shuka."

Chura hushuka. Akiwa chini hupiga kelele, "Tupande mierezi kandokando ya ziwa!" Na Dubu juu ya gogo hukohoa, halafu anasema kwa sauti nene, "Mimi nimefikiri sana. Tupande mierezi kandokando ya ziwa!" Wanyama hupiga makofi, pwa pwa pwa. Mbwa Mwitu naye hudakia, "Mimi nitapanda mara mbili yake!" Pwa pwa pwa. Uchaguzi ukiisha, mierezi iko wapi? Hakuna hata mche mmoja. Uchaguzi huo hivyo, na uliofuata hivyo, na uliofuata hivyo. Nyinyi mngevumilia? Mimi ningemng'ata mtu.

Sasa mwaka ninaousema, mambo yaliharibika zaidi. Nchi ile ya wanyama ilikuwa na majembe ya chuma mawili tu. Moja alilishika Dubu, moja alilishika Mbwa Mwitu, nao hawakuyaachia hata wakilala. Wakaapa kwamba atakayeshinda safari hii ataanza kuchimba kesho yake asubuhi, kabla barafu haijayeyuka. Na mke wa Chura alikuwa na mayai tumboni.

"Mume wangu," akasema, "barafu ikiyeyuka nitataga wapi?"

"Ngoja niitishe chama," akasema Chura.

Chama cha vyura kikakutana. Kilikuwa chama kidogo hasa, chote kilikaa juu ya jani moja. Chura akasema, "Ndugu zangu, mfereji unakuja." Mmoja akasema, "Kwanza tujue nani mwenyekiti." Wa pili akasema, "Mwenyekiti ni mimi." Wa tatu akasema, "Wewe ulijichagua." Wa nne akasema, "Kabla ya hayo, rangi ya bendera yetu ni kijani cha jani bichi au kijani cha ukoga?" Kro kro! Kro kro! Asubuhi mpaka jioni, kro kro! Jani likazama nao.

Mke wa Chura akapandwa na hasira. "Hivi nyinyi mna akili? Tunapelekwa kuzikwa, nyinyi mnagombania nani akae mbele kwenye gari!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe, kwenye gogo hilo hutasikilizwa kamwe. Wale wamezoea kukuibia maneno."

Chura akafumba jicho moja. Akafumba na la pili.

"Mke wangu, umesema wameni-nini?"

"Wamekuibia maneno."

"Basi leo nitawaachia mlango wazi."

"Watajisifu wao, wewe hutatajwa."

"Wajisifu," akasema Chura. "Wewe utataga."

Siku ya mkutano ikafika. Dubu akaja na jembe lake begani, Mbwa Mwitu akaja na jembe lake begani. Karibu na gogo palikuwa na tundu kwenye barafu, tundu la Dubu la kuvulia samaki, maana Dubu hata mkutanoni hakuacha kula. Wanyama wakajaa, Kulungu, Kindi, Nungunungu, na ukoo wote wa Bata. Chura naye akaja. Msiniulize chura anatembeaje kwenye barafu. Alivaa soksi.

Akaruka juu ya gogo, pu! Kimya.

"Shuka," akasema Bata Bukini.

Safari hii Chura hakubisha. Alishuka, akaingia chini ya gogo, akatulia. Kindi akamwonea huruma, akasema, "Maskini, amekata tamaa."

Dubu akapanda, kwiiiii! Mbwa Mwitu akapanda, kwiii! Dubu akafungua kinywa aseme, "Mfereji upite kulia." Chura akanong'ona kutoka chini, upande wa Dubu:

"Mkubwa, Mbwa Mwitu anataka kusema mfereji usichimbwe mwaka huu. Wanyama watampigia makofi."

Dubu hakutazama nani anasema. Aliye juu ya gogo hatazami chini ya gogo. Akakohoa. "Mimi nimefikiri sana. Mfereji usichimbwe mwaka huu!"

Pwa pwa pwa!

Mbwa Mwitu akashtuka. Chura akasogea upande wake, akanong'ona, "Mkubwa, umeachwa. Sema mfereji usichimbwe milele."

"Mimi nasema usichimbwe milele!" akabweka Mbwa Mwitu.

Pwa pwa pwa pwa!

Chura akarudi kwa Dubu. "Mkubwa, umeachwa. Sema kinamasi ni mama yako mzazi."

"Kinamasi ni mama yangu mzazi!" akanguruma Dubu. Na machozi yakamtoka, tena ya kweli. Bibi yake Kulungu akalia naye.

Chura akarudi kwa Mbwa Mwitu. "Mkubwa, wamelia. Wewe huna cha kuwaliza, ila jembe. Litupe."

Mbwa Mwitu akasita. Akaliangalia jembe. Akawaangalia wanyama wanaompangusa Dubu machozi. Wivu ukamshika.

"Mwenye maneno aseme maneno!" akasema. "Mimi jembe langu hili hapa!" Akalitupa kwenye tundu.

Chubwi!

Wanyama wakaruka kwa shangwe, barafu ikatikisika. Dubu akabaki na jembe begani, yeye peke yake mwenye jembe, na macho yote kwake. Chura alikuwa amejitayarisha kunong'ona, lakini hata hakuhitajika.

"Na langu!" akanguruma Dubu.

Chubwi!

Gogo likachoka na wazito hao wawili wanaorukaruka, likavunjika, kwaa! Dubu akakaa chini pu, Mbwa Mwitu akamwangukia juu. Wakaangaliana. Kila mmoja alikuwa ameanza kukumbuka samaki.

"Tulikuwa tunasema nini?" akauliza Dubu polepole.

"Sijui," akasema Mbwa Mwitu. "Ila limeshasemwa."

Baada ya hapo ikaja kura. Huko kura ilikuwa ya mlolongo, unasimama nyuma ya unayemtaka. Kulungu akaenda kwa Dubu. Nungunungu akaenda kwa Mbwa Mwitu. Kindi akapita mbele ya Chura, akamshika mkono.

"Chura ndugu yangu, moyoni niko na wewe."

"Na mlolongoni?"

"Mlolongoni niko na Dubu. Nikisimama kwako, si nitakuwa nimempa Mbwa Mwitu?"

Hatua chache nyuma, Sungura wa theluji akamwambia Chura, "Moyoni niko na wewe. Ila nikisimama kwako, si nitakuwa nimempa Dubu?"

Hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa na Chura mioyoni, na mlolongo wa Chura ukawa na mkewe na Konokono. Na Konokono alikuwa anaelekea kwa Dubu, ila hajafika. Wale vyura wengine? Walikuwa bado wanabishana rangi ya bendera. Nikifika hapa kila mara nataka kutupa kitu.

Dubu akashinda. Barafu ikayeyuka. Alijaribu kuchimba kwa kucha, kwa siri, na kila alipoinama mpita njia alimwita, "Shikamoo, Mlinzi wa Kinamasi!" Dubu huinuka haraka, hujipangusa tope, hujibu, "Marahaba, nilikuwa namkumbatia mama yangu." Mwishowe akaona aibu, akaacha.

Mke wa Chura akataga. Mayai yakatoa viluwiluwi, viluwiluwi vikaota miguu, kinamasi chote kikajaa watoto. Siku moja mtoto wa Chura, yule wa kwanza kupoteza mkia, akarudi nyumbani anaimba, na kichwani ameweka unyoya mwekundu, rangi ya upande wa Dubu.

"Dubu wetu, Dubu wetu, ametuokoa sisi!"

Chura akamwuliza, "Nani kakufundisha wimbo huo?"

"Shuleni, baba. Mwalimu Bata Bukini. Amesema bila Dubu tusingezaliwa." Akamtazama baba yake, kwa adabu tu, hakuwa na ubaya. "Baba, na wewe una chama, eti? Kinafanya nini?"

Mke wa Chura akafungua mdomo. Chura akamgusa mguu kwa chini.

"Tunabishana rangi ya bendera, mwanangu," akasema. "Nenda kaogelee. Maji ni mengi."

Mtoto akaruka, chubwi! Chura akakaa ukingoni akimtazama, na shingo imemvimba. Watu husema chura huvimba shingo ili aimbe. Mimi nawaambia, yule alikuwa amemeza neno.

Mwaka uliofuata wanyama wakaweka gogo jipya, nene kuliko la kwanza. Chura akaruka juu yake, pu! Kimya.

"Shuka," akasema Bata Bukini.

Na hadithi yangu imetumbukia, chubwi! Anayeitaka aivue, asiyeitaka asinilaumu, tundu si langu.

Mnataka funzo? Funzo lipo, na nimempa Shekue vile vile. Ngano hii inatufundisha kwamba chama kidogo hakina kazi yoyote. Inatufundisha tumsikilize yule tu anayelifanya gogo lilie. Inatufundisha pia kwamba Dubu ni mnyama mwenye huruma sana, anayependa kinamasi toka tumboni mwa mama yake.

Shekue akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shangazi, nimekuelewa. Kile chama kidogo kina maana."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Kwa hiyo utakipa kura?"

"Moyoni, Shangazi," akasema. "Moyoni niko nacho."

Nikakata simu. Haya, nendeni mkalale.