Miche Elfu Nne ya Mwenyekiti

Somoe alikuwa mhasibu wa shirika la kupanda mikoko huko Kilwa. Siku moja mwenyekiti wake, Bwana Mchopa, alimtaka atoe milioni mbili za wafadhili ili amalizie kujenga nyumba yake.

"Andika tumenunua miche elfu nne," alisema. "Ukikataa, kesho nitaleta mhasibu mwingine."

"Sikatai, Mwenyekiti. Ila hundi lazima iwe na jina la muuzaji."

"Andika langu."

"Na siku ya kuileta miche?"

"Yoyote."

Somoe akaandika Ijumaa kwenye mkataba wa mauzo. Mchopa akatia saini bila kusoma, akaondoka na hundi yake.

Ijumaa asubuhi Somoe alimpigia simu.

"Mwenyekiti, wafadhili niliowaalika wamefika, na wanakijiji wameshakunja suruali. Nimewaonyesha mkataba wako. Tunasubiri miche."

Mchopa akakata simu.

Saa nane mchana lori liliingia na miche iliyookotezwa vijiji vitatu, kwa bei maradufu. Wafadhili walimpigia Mchopa makofi. Somoe aliihesabu yote, mmoja mmoja, kisha akamsogelea.

"Imepungua sita, Mwenyekiti," alimwambia. "Tutakusubiri."