Mgadenia wa Bi Mize

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa nini?
— Pakawa ua.
Ua la namna gani?
— Jeupe, la kunukia, na halitaki kuguswa.

Basi hapo kale, mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa, mgadenia ulipandwa uani kwa Bi Mize, katika mji wa pwani uliojengwa juu ya matumbawe.

Bi Mize alikuwa mjane. Alikuwa na mwana mmoja, Bwanaheri, na kazi ya Bwanaheri ilikuwa kuchoma chokaa. Alipanda milimani kutafuta kuni za tanuri, akarudi na kuni na mke. Mke huyo aliitwa Zahabu. Alikuja na furushi la kanga na mche wa mgadenia ndani ya chungu.

Furushi hakulifungua. Aliliweka nyuma ya mlango. Mche aliupanda uani, akauimbia:

Mgadenia wa mama,
ukae nami nikae;
ukikauka, narudi,
ukichanua, nakaa.

Kule kwao milimani, binti akiolewa mbali, mama humkatia mche wa mti wake. Humwambia, "Mti ukikubali, kaa. Mti ukikataa, rudi nyumbani, wala hakuna atakayekuuliza."

Bi Mize aliusikia wimbo ule akiwa jikoni. Akaweka mwiko chini. Alikwisha kumpenda msichana yule. Siku moja alipitiwa na usingizi mkekani, akaamka amefunikwa kanga, na hakuna aliyejitaja.

Akasema, "Mti huu utachanua."

Mti ukaanza kuwa manjano.

Bi Mize akamwendea Kuku. "Kuku, wewe hushinda uani. Mti huu una nini?"

"Una utitiri," akasema Kuku. "Mimi nikiwashwa, naoga jivu. Upe jivu."

Bi Mize akakomba jivu lote la mafigani, akaumwagia mti. Kisha akapika pweza wa nazi, akampelekea Zahabu chumbani. Zahabu alipotaka kuinuka, akamkalisha. "Keti. Kula, mgeni wetu."

Zahabu akala tonge moja. "Nimeshiba, mama."

Mti ukanyamaza. Majani yakazidi kuwa manjano.

Bi Mize akamwendea Bata. "Bata, wewe umetembea. Mti huu una nini?"

"Una kiu," akasema Bata. "Tena Kuku asikudanganye, yule hajui hata kuogelea. Upe maji ya kisima, asubuhi na jioni, mpaka mizizi iogelee."

Bi Mize akateka maji, akamwaga. Kisima chao kilichimbwa katika matumbawe, na maji yake yakikauka sufuriani huacha utando mweupe. Kisha akachoma samaki wa kupaka, akampelekea Zahabu. "Keti. Kula, mgeni wetu."

Zahabu akala tonge moja. "Nimeshiba, mama."

Mti ukanyamaza. Majani yakaanza kudondoka.

Bi Mize akamwendea Mjusi. "Mjusi, wewe huona kila kitu kutoka huko juu. Mti huu una nini?"

"Una upweke," akasema Mjusi. "Ulete huku ukutani penye jua, na uupake chokaa kama ukuta. Mimi hapa nimenawiri."

Bi Mize akafurahi, kwa kuwa wao walikuwa watu wa chokaa. Nyumba waliipaka chokaa. Kaburi la mumewe alilipaka chokaa kila mwaka. Kitu walichokipenda walikipaka chokaa. Akaung'oa mti, akaupanda ukutani, akaupaka shina na kuuzungushia duara jeupe. Kisha akapika pilau, akampelekea Zahabu. "Keti. Kula, mgeni wetu."

Zahabu hakugusa. "Nimeshiba, mama."

Mti ulikuwa na matumba machache. Yakaanguka moja moja. Likabaki tumba moja.

Asubuhi yake Zahabu alilitoa furushi nyuma ya mlango, akaliweka kizingitini. Bwanaheri akasimama mbele yake, chokaa mikononi.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mama amekukosea?"

"Mama yako ni mwema kuliko watu wote. Mti umekataa, Bwanaheri. Kesho nitapanda mlima."

Bwanaheri akamtazama mama yake. Bi Mize akatoka nje, akaketi chini mbele ya mti.

"Mti," akasema, "jivu nimekupa. Maji nimekupa. Chokaa yetu, ambayo hatumpi kila mtu, nimekupa. Sasa niambie mwenyewe. Unataka nini?"

Mti ukasema, "Nilikuwa nikilingoja swali hilo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikwenda kwa Kuku, akakuambia raha ya Kuku. Ulikwenda kwa Bata, akakuambia raha ya Bata. Mjusi naye hivyohivyo. Kwangu hukuja."

"Basi nimekuja."

"Nirudishe aliponipanda msichana, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Chimba shimo, utie udongo mweusi wa majani yaliyooza. Uninyweshe maji ya mvua. Nikishakaa, usinisogeze tena."

"Mvua haijanyesha."

"Nitangoja. Kungoja nakujua. Chokaa ndiyo siijui."

Bi Mize akainuka. Hakwenda kwenye jembe kwanza. Aliingia ndani, akaketi kizingitini karibu na furushi.

"Mwanangu Zahabu," akasema, "na wewe unataka nini?"

Zahabu akainamisha kichwa. Akasema, "Nataka mwiko, mama."

"Mwiko?"

"Tangu nilipofika naitwa mgeni. Sijachochea moto. Sijatwanga. Nikiinuka, naambiwa keti. Mgeni hukaa siku zake akaondoka. Nami kila nikitia tonge kinywani, naona siku zangu zinakwisha."

Bi Mize akainuka. Alikwenda jikoni, akarudi na mwiko, ule aliopewa na mama mkwe wake mwenyewe, akamwekea mkononi.

Mchana ule Zahabu alisonga ugali wa muhogo, akapika mnavu kama wapikavyo kwao. Bi Mize akaonja.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Ndivyo tunavyokula, mama."

"Basi nitazoea." Naye akaomba tena. Zahabu akala mpaka akalamba vidole.

Furushi halikufunguliwa. Lakini lilirudi nyuma ya mlango.

Kuku akachakura jivu akalitawanya mbali. Bata akawaonyesha kijito nje ya mji, penye udongo mweusi, wakabeba kwa makapu, wakaufuta mti chokaa na kuurudisha pale alipoupanda Zahabu. Mjusi akashuka ukutani, akawa analinda majani, akila kila mdudu aliyetua. Bwanaheri aliporudi kutoka kazini, alinawa chokaa mikononi nje ya ua kabla ya kuingia. Bi Mize akatega mtungi chini ya paa la makuti, wakangoja. Vuli ikaja. Mtungi ukajaa.

Jani likatoka la kijani. Likafuata jingine. Lile tumba lililobaki likavimba.

Majirani wakaja kulishika. Bi Mize akaweka kigoda kando ya mti, akaketi na fimbo. "Ua hili hutazamwa kwa pua," akawaambia. "Mwenye mkono aende akashike cha kwake."

Asubuhi moja, kabla ya chai, nyumba ilijaa harufu. Zahabu akatoka nje bila viatu. Ua lilikuwa limefunguka. Akalikata pamoja na kikonyo chake, asiguse petali, akalichomeka katika nywele nyeupe za Bi Mize.

"Mama," akasema, "keti. Leo chai napika mimi."

Bi Mize akaketi.

Ngano hii inatufunza: ukimpenda mtu, usimpe raha yako, muulize yake. Na mgeni ukitaka akae, mpe kazi.

Mimi nilipita pale nikaomba ua moja. Nikaoneshwa fimbo.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyokolea chumvi, chukueni, iliyopungua, mtazoea.

— Na furushi je?

Furushi lilifunguliwa siku ileile ua lilipofunguka. Kanga zilitundikwa kwenye kamba ya chumbani, na kitambaa kilichozifunga kikawa cha kushikia sufuria.