Posa ya Biubwa

Wa karafuu ni wengi, wa makonyo ni mmoja. Mmelisikia neno hili harusini mkalicheka, sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni vizuri na msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Huko Pemba palikuwa na binti aitwaye Biubwa, aliyelelewa Unguja kwa shangazi yake. Baba yake alipofariki alimwachia shamba kubwa la mikarafuu. Habari zilipoenea, posa zikamiminika kwa ami yake, Mzee Shaame. Wanaume wasiopata kumwona hata kisigino waliapa kwamba hawapati usingizi kwa ajili yake. Biubwa akaingiwa na hofu. Alitaka mume wa kumpenda, si wa kupenda mikarafuu yake, na ami alimtaka jibu msimu wa kuchuma ukiisha.

Akajifunga kanga iliyopauka, akaingia shambani mwake mwenyewe kama kibarua. Mzee Shaame peke yake ndiye aliyejua. Lo, kazi ilimshinda. Jioni vibarua walikaa uani kuchambua: karafuu huku, na kule makonyo, vile vikonyo vyake visivyo na bei. Yeye alivichanganya vyote, mpimaji akamrudishia pakacha lake mbele za watu. Wachumba waliopita kwenda kwa ami walimruka kama gogo. Mmoja alimwambia asogeze uchafu wake, asije akamharibia kanzu.

Palikuwa na mchumaji mmoja kutoka Micheweni, jina lake Faki. Alikuwa amemaliza zake, mgongo unamuuma, lakini alikaa akachambua naye upya bila kumcheka. Jioni zilizofuata akafanya vivyo hivyo. Biubwa akawa anaingoja jioni tangu asubuhi. Chekeni tu, yatawafika.

Msimu ulipokwisha akamweleza ukweli. Faki hakufurahi hata kidogo.

"Kumbe siku zote ulikuwa ukinijaribu," alisema.

"Niliwajaribu wao. Wewe sikukutarajia."

"Nikikuposa sasa, watu watasema nimeposa shamba."

"Basi usinipose. Nitakuposa mimi."

Faki akadhani ni maneno ya hasira, akafunga mzigo wake akarudi kwao. Haukupita muda, Mzee Shaame, na kanzu yake na bakora yake, akashika njia ya Micheweni kwenda kumposa mwanamume. Ajabu hiyo haijapata kuonekana. Aibu ilimtoa jasho njia nzima, ila alimpenda mtoto wa ndugu yake. Mama yake Faki alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini tajiri yule awaache mabwana wote wale, amtake mwanawe asiye na kitu.

"Bibi wee," mzee alimjibu, "wa karafuu ni wengi, wa makonyo ni mmoja."

Faki alikuwa nyuma ya mlango, anasikia yote. Akatoka, akamshika mzee mkono, akasema posa imekubaliwa.

Basi nanyi wajukuu zangu, mkiona wachumba wamejaa mlangoni, msivimbe vichwa. Wa karafuu ni wengi, wa makonyo ni mmoja.