Ukuta Usio na Mlango

Sogeeni, mnaosikia na mnaosinzia! Watu wa Shangama walijenga ukuta ili bahari isiingie visimani mwao. Jini wa bahari akaubomoa. Wakajenga tena, akabomoa tena. Wakajenga mara ya tatu, akabomoa vilevile. Bi Mwanasiti, fundi wa mawe, akamfokea:

"We jini, huna adabu?"

"Ninazo sana! Ukuta wenu hauna mlango. Nibishe hodi wapi?"

Bi Mwanasiti akacheka, akajenga upya, akatia mlango wa mvule. Tangu hapo jini huja na mawimbi yake, hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi kwao kiungwana. Na nyuma ya mlango mji mzima hujiziba midomo, mtu asije akasahau akaitikia, "Karibu!"